Ule Mlio wa Subaru Unaoupenda, Hakuna Fundi wa Kuchomelea Aliyeutengeneza

Wadau, leo tuongee kuhusu kitu ambacho kila mtu anakisikia lakini wachache wanajua kilikotoka. Ule mlio wa Subaru. Ule mzito wa kukatika-katika, kama moyo wa mtu aliyepanda ngazi anakimbia. Unalisikia gari kabla hujaliona, na ukigeuka unajua kabisa kinachokuja.

Huku kwetu Mwandoya kuna kijana mmoja, jina naliweka kabatini maana bado tunasalimiana, alinunua Impreza baada ya msimu wa pamba. Gari safi, injini ya sisi 1500, haina turbo. Wiki ya kwanza tu akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, sailensa ikakatwa, likawekwa bomba nene limetoka nje kama mdomo wa tarumbeta. Kasi haikuongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni malalamiko ya wazee jioni wakiwa wanasikiliza taarifa ya habari.

Simcheki, kila mtu ana ndoto zake. Ila mshikaji analipia mlio ambao hajaupata, na hataupata kwa njia hiyo, kwa sababu hautoki kwenye sailensa. Uko mbele kabisa, kwenye mabomba yaliyojificha chini ya injini, na umefika mtaani kwetu kwa sababu ya mbio za magari, zikiwemo zilizokula vumbi hili hili la Afrika Mashariki. Stori ni ndefu, kaa vizuri.

Turudi 1953. Malkia Elizabeth wa Pili anatawazwa Uingereza, walowezi wa huku wanaandaa mbio za kusherehekea, wanaziita Coronation Safari. Njia inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitu ninachokipenda kwenye zile mbio za mwanzo ni kwamba magari yalikuwa yale yale ya dukani, na makundi yalipangwa kwa bei ya gari. Yaani hoja ilikuwa moja: gari lako ulilonunua litafika au halitafiki? Tope, mawe, mito, vumbi. Bomba la moshi kipindi hicho lilikuwa na kazi moja kubwa, kutong'oka njiani.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya akashinda akiwa na Volvo PV544 ambayo kiwanda kilishaitumia kwenye mbio kabla yake. Wanaocheka magari ya mtumba waisome tena hiyo sentensi.

Baadaye viwanda vikashtuka. Vikaona kwamba ukishinda Safari, unauza magari dunia nzima, maana mteja anajiambia kama limevumilia kule, kwangu litavumilia. Wajapani ndio walielewa somo hili kuliko wote. Nissan, wakitumia jina la Datsun, mwaka 1971 walileta gari la michezo kabisa, Datsun 240Z, silinda sita kwa mstari, bodi imelala kama samaki. Watu walizoea kuona magari ya familia kwenye zile njia, na hili lilionekana kama limepotea likitafuta lami. Edgar Herrmann akashinda nalo. Mwaka 1973 likashinda tena, mara hii dereva akiwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia 1972. Na hakushinda kirahisi. Yeye na Msweden Harry Källström, naye akiwa na Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi bila adhabu. Mehta akachukua. Akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Hapa ndipo ekzosi inapoingia kwenye stori. Ile 240Z ya mashindano ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 200, wakati ya dukani ilitangazwa karibu 150. Nguvu ya ziada haishuki kutoka mbinguni. Injini ni pampu ya hewa: inavuta hewa na mafuta, inachoma, inatema moshi. Ukitaka ivute zaidi lazima itoe zaidi. Moshi wa zamani ukibaki kwenye silinda, unachukua nafasi ya hewa mpya. Kwa hiyo mafundi wa kiwanda wanapima kila kitu, urefu wa kila bomba linalotoka kwenye silinda, upana wake, na mahali yanapokutana. Bomba likiwa jembamba sana, moshi unabanwa. Likiwa pana sana kwa injini ndogo, moshi unapoteza mwendo na gari linakuwa zito kwenye mzunguko wa chini. Hiyo ndiyo sababu bomba la unene wa mkono wa mtu kwenye injini ya sisi 1500 linaweza hata kukupunguzia nguvu. Namuheshimu fundi wa kuchomelea, ila yeye anapima kwa macho.

Sasa twende kwenye Subaru yenyewe.

Miaka ya mwisho ya themanini mashindano ya dunia yalihamia kwenye kanuni za Kundi A. Kanuni zilisema kiwanda kikitaka kushindana na gari fulani, lazima kitengeneze maelfu yake na kuyauza kwa watu wa kawaida. Mwanzo idadi ilikuwa 5000, kuanzia 1993 ikashuka hadi 2500. Tafakari hiyo kidogo. Kwa sababu ya kanuni ya mashindano, mwalimu au daktari wa Japani angeweza kuingia dukani akatoka na gari lenye turbo na magurudumu manne yanayovuta, ndugu wa damu wa gari la mbio. Ndivyo Mitsubishi Lancer Evolution ilivyozaliwa 1992, na Impreza WRX mwaka huo huo. Subaru walikuwa wameshaanzisha kampuni yao ya mambo ya mbio, STI, mwaka 1988.

Injini ya Impreza imelala. Silinda mbili kulia, mbili kushoto, pistoni zinapigana ngumi kama mabondia. Turbo imekaa upande mmoja. Kwa hiyo moshi wa upande ulio karibu na turbo una safari fupi, na wa upande wa pili lazima upite chini ya injini, uvuke, halafu upande hadi kwenye turbo. Mabomba hayalingani urefu. Matokeo yake mapigo ya moshi hayafiki kwa mpangilio sawa. Mawili yanakuja yamekaribiana, panakuwa na pengo, yanakuja mengine. Masikio yetu yanasikia dugu-dugu, dugu-dugu.

Ndiyo hivyo tu. Mlio tunaoupenda umetokana na nafasi kuwa finyu chini ya boneti.

Ila bahati nayo inahitaji jukwaa, na Safari Rally ilikuwa mojawapo. Mwaka 1997 Colin McRae wa Uskoti alishinda Kenya akiwa na Impreza ya bluu yenye maandishi ya njano. Mwaka 2000 Richard Burns wa Uingereza akarudia na Impreza. Magari hayo yalifungwa bomba refu la kuvutia hewa mpaka juu ya paa ili yavuke maji, na mabamba chini ya kulinda injini. Helikopta zilitangulia juu kuwaangalizia madereva ng'ombe na watu barabarani. Waliokuwa watoto Nairobi na Nakuru kipindi kile ndio leo wanamiliki Subaru, na tabia ikavuka mpaka ikaja kwetu.

Kuna na ule mlio mwingine, wa risasi, pa-pa-pa, ambao vijana wanaulazimisha kila wakifika kwenye taa za barabarani. Huo nao una historia yake. Kanuni zililazimisha turbo za magari ya mbio zivute hewa kupitia tundu la milimita 34 tu. Dereva akiachia mafuta kwenye kona turbo inapoa mwendo, akikanyaga tena inachelewa kuamka. Mainjinia wakafanya mafuta yachomekee kwenye bomba la moshi lenyewe ili turbo iendelee kuzunguka. Ndiyo milipuko unayoisikia. Kwenye timu ya mbio turbo ikifa wanafunga nyingine, wana lori zima la spea. Wewe mwenye gari moja na mkopo wa saccos, kila risasi inakula turbo yako na bomba lako. Kwenye gari lisilo na turbo kabisa, hata hiyo kazi haipo. Ni moto bure.

Magari haya yakazeeka Japani, yakaanza kushuka bandarini Mombasa na Dar. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia. Sisi Tanzania gari kuukuu linaingia, unalipa tu ushuru wa ziada. Kwa hiyo Subaru nyingi zinatufikia zikiwa zimeshaishi maisha yao, na mabomba ya moshi ndiyo ya kwanza kuoza kutu. Hapo fundi anapata kazi. Na hapo ndipo biashara ya masega inapoingia.

Masega ni kile kitu chenye vitundu kama sega la nyuki ndani ya bomba la moshi, kinachosafisha gesi mbaya. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya, ndiyo maana kuna watu wanazunguka wananunua masega kila kona. Unaambiwa "boss, hii inabana gari lako, nitoe nikupe hela." Unafurahi, unapewa laki kadhaa. Wiki inayofuata taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na haizimi, maana sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega haielewi kinachoendelea. Aisee, ukitaka kujua nani amefaidika, angalia nani aliondoka na mfuko.

Na kuna jambo ambalo sio la utani hata kidogo. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na inaua. Kiwanda kinatoa bomba hadi nyuma kabisa ya gari ili hewa hiyo ibaki nje. Ukikata bomba katikati, au likichomelewa vibaya likawa na nyufa, moshi unatokea chini ya sakafu. Gari kuukuu lina matundu ya kutu. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, watoto wamelala siti ya nyuma, safari ni Bariadi mpaka Mwanza. Ukisikia kichwa kinauma na kichefuchefu, na abiria wote wanalalamika hivyo hivyo, usidhani ni jua. Simamisha gari, toeni watu nje.

Kwa hiyo anayetaka ekzosi ya michezo afanyeje? Kwa maoni yangu, tafuta ya kiwandani. STI wenyewe waliuza sailensa za michezo kwa wateja wa Japani, baadhi zina jina la Genome, na zilitengenezwa zikijua kwamba gari litaenda kukaguliwa na serikali yao yenye masharti magumu ya kelele. Zinapitisha moshi vizuri, zina sauti nzito, lakini hazimwamshi jirani. Mtumba wake unaweza kuupata ukiwa mvumilivu kwa wauza spea wa Gerezani, Dar.

Kufunga kwake hakuhitaji moto wa kuchomelea. Unalowesha nati kwa mafuta ya kulegeza kutu, unaziacha zilale, unafungua kwenye maungio, unatoa sailensa ya zamani kwenye mipira yake ya kuning'inizia, unaweka gasketi mpya na mipira mipya, unafunga. Ile ya zamani unaihifadhi, usiikate. Ukibadilisha ya nyuma tu, injini haitalalamika. Ukibadilisha bomba linalotoka kwenye turbo, hapo ni habari nyingine. Turbo inaweza kusukuma hewa kupita kiasi na kompyuta ya gari lazima ipangwe upya na mtu anayejua. Injini nyingi zimekufa kwa kuruka hatua hiyo.

Halafu kimo. Huku udongo wetu ni wa mbuga, mvua ikinyesha unanata kama ugali mbichi, ukikauka unakuwa mabonde magumu. Lile bomba la Subaru linalovuka chini ya injini liko chini tayari. Kijana anashusha springi ili gari lilale kama la Dar, halafu anashangaa bomba limepasuka kabla hajafika mnadani.

Na sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hazihusu baa na makanisa peke yake.

Sasa cha kuchekesha. Wajapani wenyewe waliuacha ule mlio mapema. Kuanzia miaka ya 2000 Subaru wa soko la kwao walianza kufunga mabomba yaliyolingana urefu, kwa sababu turbo inafanya kazi vizuri zaidi mapigo yakifika kwa mpangilio. Nguvu ikapanda, dugu-dugu ikapotea. Walipoaga injini ile ya EJ20 walitoa toleo la mwisho la magari 555 tu, namba inayokumbusha sigara zilizodhamini Subaru za McRae. Wateja waligombania mpaka ikabidi ipigwe bahati nasibu. Magari 555 ya kuaga, bei kubwa, na ukiwasha halina ule mlio wa kijana wetu anaoutafuta kwa fundi wa kuchomelea.