Wahedi wa Sitini

Mjomba wangu hakuwahi kuingia kasino, lakini yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akihesabu karata.

Ilikuwa Same mjini, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya stendi. Wapiga debe, fundi baiskeli mmoja na wazee kadhaa walikutana pale kila alasiri isipokuwa Jumamosi. Jumamosi wengi wao walikuwa kanisani, na waliobaki waliona aibu kuonekana. Upare wa kusini ni nchi ya Wasabato. Wamisionari wao wa kwanza walifika mwaka 1903 wakaanzia Giti, si mbali na Suji alikozaliwa mama yangu. Kule mlimani kwa bibi, karata hazikuwa mchezo. Zilikuwa njia fupi ya kupotea. Kwa hiyo niliposhuka Same kusoma, nikakaa kwa mjomba, kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa siri kati yetu.

Mchezo wenyewe aliuita wahedi wa sitini. Aliujua tangu ujana wake, alipokuwa akikata mkonge Tanga, akarudi nao kwa treni pamoja na baiskeli na kikohozi. Unatoa karata zote za nane, tisa na kumi, zinabaki 40. Ree ina pointi 11. Saba, ambayo yeye aliiita seti, ina pointi 10. Kisha wanafuata wazungu: mzungu wa nne, yaani mfalme, pointi 4, mzungu wa tatu, yule kijana, pointi 3, na mzungu wa pili, bibi, pointi 2. Zilizobaki hazina kitu. Kila aina ina pointi 30, aina ziko nne, jumla 120. Nusu yake ni 60. Ukifika 61 umeshinda, na hakuna haja ya kuendelea. Jina la mchezo ni jibu la hesabu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa hisabati, ndipo nilipogundua kwamba historia ya pwani yetu ilikuwa imelala ndani ya pakiti ile. Karata ni cartas ya Wareno. Kopa ni copas, uru ni ouros, shupaza ni espadas, pao ni paus, na turufu ni trunfo. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Mizinga yao ilinyamaza lakini maneno ya mezani yalibaki. Hata pointi zile, 11, 10, 4, 3 na 2, ndizo zinazohesabiwa mpaka leo Ureno katika michezo ya bisca na sueca. Sisi tukaongeza Kiarabu cha kutaja 61, na wenye taji tukawaita wazungu.

Mjomba hakujua hayo na hayakumsumbua. Alichojua ni kwamba pakiti ina mwisho. Karata ikishatoka haiwezi kutoka tena, kwa hiyo kila inayoanguka mezani inakueleza kitu kuhusu zilizobaki. "Seti ya uru bado," alininong'oneza, "na mwenye nayo anaogopa." Alikuwa anakumbuka ree nne, seti nne, na jumla ya pointi za pande zote mbili. Hakuna aliyemwita mwizi. Kila aliyekaa pale alihesabu, au alitamani angeweza. Asiyehesabu ndiye aliyechekwa.

Kwa kufikiri hivyo hivyo watu wengine, mbali sana na mwarobaini ule, walibadilisha mchezo mwingine. Mwaka 1956 vijana wanne waliokuwa jeshini Marekani, katika kambi ya Aberdeen, Maryland, walichapisha makala katika jarida la wanatakwimu. Majina yao ni Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Walikuwa wametumia mashine za kuhesabia za mezani, zile za kubonyeza kwa vidole, kupiga hesabu ya kila hali inayoweza kutokea katika mchezo wa ishirini na moja, ambao kasino huuita blakijeki.

Mchezo huo ni rahisi kueleza. Unapewa karata mbili, mgawaji wa kasino anaonyesha moja ya kwake. Unaweza kuongeza au kutulia. Ukizidi 21 umepoteza hapo hapo, hata kama mgawaji naye atazidi baadaye. Faida ya kasino inatoka hapo: wewe unatangulia kuanguka. Lakini mgawaji hana hiari. Kwa kawaida anatakiwa kuongeza mpaka afike 17, kisha asimame. Adui asiye na hiari anaweza kupigiwa hesabu.

Wale wanne wakatoa jedwali ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulikariri kwa wiki moja. Ukiwa na 13 hadi 16 na mgawaji anaonyesha 2 hadi 6, tulia, mwache yeye ahangaike. Akionyesha 7 na kuendelea, ongeza. Ree mbili zitenganishe, nane mbili zitenganishe, kumi mbili usiziguse. Ukiwa na 11 dhidi ya karata dhaifu, weka dau mara mbili. Ukiuziwa bima, kataa. Ukifuata jedwali bila kukosea, katika meza yenye masharti mazuri, kasino inabaki na faida ya kama nusu shilingi kwa kila shilingi 100 unazoweka. Jedwali halikushindishi. Linakufanya upoteze polepole, na mengi ya majibu yake ni ya kuchagua hasara ndogo. Ukiwa na 16 na mgawaji anaonyesha 10, ongeza au tulia, utapoteza karibu mara 3 kati ya 4.

Edward Thorp, mwanahisabati kijana, alilisoma jedwali hilo akaenda nalo Las Vegas mwishoni mwa 1958, limeandikwa kwenye kikaratasi. Alibadilisha dola 10, akapoteza 8 na senti 50. Lakini alirudi na swali ambalo mjomba angelielewa mara moja: wale wanne walihesabu kana kwamba pakiti ni kamili kila mara, ilhali karata zilizokwisha kutoka hazirudi. Akatumia kompyuta kubwa ya IBM 704 iliyokuwa chuo cha MIT kujua kila karata ikitoka inamfaidi nani. Jibu likawa kwamba karata ndogo, hasa tano, zikiisha, mchezaji ananufaika. Ree na kumi zikiisha, kasino inanufaika. Makala yake ilitoka mwaka 1961, na kitabu chake, *Beat the Dealer*, mwaka 1962.

Njia iliyoenea zaidi ilirahisishwa na mhandisi Harvey Dubner mwaka 1963. Kila karata ya 2 hadi 6 inayotoka, ongeza moja kichwani. Ya 7, 8 na 9, usifanye kitu. Ya 10, za wazungu na ree, punguza moja. Gawanya jumla kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Ikiwa juu, weka dau kubwa. Ikiwa chini, weka dogo au ondoka. Hesabu yote ni kujumlisha na kutoa moja.

Nilijifunza hayo nikiwa na umri wa miaka 29, nikisoma usiku kwa taa ya simu katika nyumba ya walimu. Nilikuwa na shilingi 900,000 nilizoweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama kule Suji. Nyumba ilikuwa imefika renta. Nikajiambia sitazitumia, nitazikopa kwa usiku mmoja. Kwa miezi minane nilihesabu pakiti nzima kila jioni mpaka nikaweza kuimaliza kwa nusu dakika, na kila mara jumla ilirudi sifuri kama inavyotakiwa.

Kama ningetumia miezi hiyo kusoma upande wa pili wa historia, nisingepanda basi. Kasino zilisoma kitabu cha Thorp kabla yangu. Tarehe 1 Aprili 1964 kasino za Las Vegas zilibadilisha masharti kuwabana wanaohesabu, wateja wakasusa, na baada ya wiki chache masharti ya zamani yakarudishwa. Zikatafuta njia za kimya. Zikaweka pakiti nne, sita, nane badala ya moja. Zikachanganya karata mapema. Huko Nevada zikawatoa mlangoni watu waliokuwa hawajavunja sheria yoyote, maana kutumia akili yako si kosa, lakini mwenye mlango naye ana haki ya kuufunga. Mchezaji Ken Uston alikwenda mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya juu ya jimbo la New Jersey ikaamua kwamba kasino za huko haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu anahesabu. Zikaendelea kuchanganya.

Kasino ya Arusha niliyoingia ilikuwa na leseni, kama sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inavyotaka, na watu wake walikuwa na adabu. Nilikaa, nikaweka dau la chini, 5,000. Karata zikagawiwa, nikahesabu: jumla tatu. Mgawaji akakusanya karata zilizotumika. Badala ya kuziweka pembeni, akazirudisha ndani ya mashine nyeusi iliyokuwa mkononi mwake wa kushoto. Mashine ikanguruma kidogo na kuzichanganya na nyingine. Akagawa tena kutoka humo humo. Nikasubiri labda ni mara moja. Akazirudisha tena.

Pakiti ile haikuwa na mwisho. Kila karata iliyotoka ilirudi kabla sijafaidika na kutoka kwake. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenitazama vibaya. Miezi minane yangu ilimalizwa na kisanduku cha plastiki.

Ningeweza kuondoka. Hata kubaki na jedwali na dau la 5,000 kusingeniua: kwa migao 280, kama saa nne, hasara ya wastani ni shilingi 7,000, ingawa bahati ingeweza kunipeleka laki moja huku au huku. Lakini nilikuwa nimekuja na hesabu ya ushindi, nikaona aibu kurudi nayo haijatumika. Saa ya tatu nikaanza kuweka 20,000. Baadaye 50,000, ili nirudishe zilizokwenda. Hilo halimo katika jedwali la mtu yeyote. Nilitoka nje alfajiri nikiwa nimepoteza 340,000, na nilikuwa nimezipoteza mimi, si takwimu.

Ndipo nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuianza. Tuseme mashine ile isingekuwepo na ningehesabu vizuri. Mhesabuji hodari anapata kama shilingi 1 kwa kila 100. Kwa migao 10,000 ya 5,000 kila mmoja, hiyo ni 500,000. Migao hiyo ni kama saa 140 za kukaa mezani, yaani takribani 3,500 kwa saa. Lakini mtikisiko wa kawaida wa bahati katika migao hiyo ni zaidi ya 550,000. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa kwa saa 140 na bado urudi Same na hasara. Wale waliofaulu kweli walicheza kwa makundi, wakiwa na mtaji wa watu wengine, na muda. Thorp mwenyewe alipokwenda kujaribu Nevada alikuwa na dola 10,000 za matajiri wawili nyuma yake. Mimi nilikuwa na mabati ya mama.

Mjomba nilimweleza yote, kwa sababu bibi alikuwa ameshafariki na mama nilimwogopa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Hiyo karata, ikishatoka, inarudi?" Nikamjibu inarudi. "Sasa mwanangu, ulihesabu nini?"

Akanikumbusha habari ya baba yake, niliyoisikia utotoni bila kuielewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wapare walitozwa kodi mpya, mbiru, iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wakadiriaji walijua wanavyokadiria. Mlipaji aliambiwa jibu tu. Januari 1945 watu kwa maelfu wakashuka milimani wakaja kukaa hapa Same, karibu na boma, na hawakuondoka upesi. Wengi hawakubishia kodi ya sawa kwa wote. Walibishia kukadiriwa. Mwishowe mbiru ikaondolewa. Watanzania wengine hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Babu yangu angesema kwamba kuku haikuwa hoja. Hoja ilikuwa nani anashika hesabu.

Mabati yaliezekwa mwaka uliofuata, baada ya masika moja iliyolowesha kuta. Mama aliambiwa bei ilipanda. Siku hizi nyuma ya stendi kuna mashine za dubwi zinazomeza sarafu, na vijana wengine wamezisimamia tangu asubuhi wakiniambia, mwalimu wao, kwamba wameshazisoma, sasa hivi itatema. Huwa siwahubirii. Nawaita chini ya mwarobaini, natoa pakiti, naondoa nane, tisa na kumi. Namfundisha kila mmoja kuhesabu mpaka 61, na akishajua, namuuliza swali la mjomba.