Jua na Sayari Darini kwa Eisinga

Tazama juu. Katikati ya dari ya sebule hii lipo Jua lililopakwa dhahabu, na kulizunguka zinaning'inia Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Zinatembea, ila polepole mno kwa jicho kuona. Zebaki humaliza mzunguko kwa siku 88, Dunia kwa mwaka. Zohali huchukua zaidi ya miaka 29, sawasawa na angani.

Fundi wa mfano huu wa mfumo wa Jua ni Eise Eisinga, mchanaji sufu wa hapa Franeker, Uholanzi, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu. Mei 1774 sayari kadhaa pamoja na Mwezi zilionekana kukaribiana, uvumi ukaenea kwamba zingegongana na kuitoa Dunia kwenye njia yake. Eisinga alitaka watu wajionee kwamba kila sayari ina njia yake. Kazi ilimchukua miaka saba, hadi 1781.

Juu ya mbao za dari, saa ya pendulamu huendesha magurudumu ya mbao ambayo meno yake ni misumari ipatayo 10,000. Usahihi wake unastaajabisha hadi leo.

Kwenye mfano huu, milimita 1 ni kilomita milioni 1 za angani, hivyo Dunia iko sentimita 15 tu kutoka kwenye Jua. Uranusi, iliyogunduliwa mwaka huohuo 1781, haimo. Ingehitaji karibu mita 3, na sebule haina nafasi hiyo.