Mbegu Isiyo na Akiba

Punje ya mahindi huzaliwa na chakula chake. Mbegu ya okidi haina kitu. Tunda moja la okidi laweza kubeba mbegu laki kadhaa, nyepesi kama vumbi, kila moja ikiwa kiini kidogo ndani ya ganda jembamba. Hata ikiangukia udongo mzuri na kunyeshewa, peke yake haifiki mbali. Historia ya maua haya naisoma kuanzia kwenye udhaifu huo.

Matajiri wa Ulaya wa karne ya 19 walizipenda okidi za nchi za joto bila kujua namna ya kuziotesha. Gharama ya kutojua ililipwa na misitu ya wengine. Albert Millican, Mwingereza aliyetafuta okidi Kolombia, alieleza katika kitabu chake cha 1891 kwamba walikata miti kama 4,000 ili kupata mimea kama 10,000. Okidi hizo huishi juu ya matawi, na kuangusha mti kulikuwa rahisi kuliko kuukwea.

Wakulima wa bustani walijaribu njia nyingine. Mwaka 1856, chotara ya kwanza iliyozalishwa na John Dominy, katika bustani za Veitch huko Exeter, ilichanua. Mbegu zilinyunyizwa kwenye chungu cha mmea mama. Nyingi zilikufa, chache zikaota, na hakuna aliyejua sababu.

Sababu iligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899, akiwa na miaka 25 na akitumikia jeshi. Katika msitu wa Fontainebleau alikuta okidi iliyofukiwa na majani makavu, matunda yake yamejaa mbegu zilizokwisha kuota. Ndani ya vichipukizi hivyo aliona kuvu, jamaa ya uyoga. Kuvu ndiyo iliyovilisha. Kumbe chungu cha mama kilikuwa na mlezi asiyeonekana! Bernard alifariki 1911, akiwa na miaka 36 tu.

Mwaka 1922, Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba kuvu inaweza kuwekwa kando. Alipanda mbegu ndani ya vyombo visivyo na vijidudu, juu ya agari yenye madini na sukari, zikaota. Ua la matajiri likaanza safari ya kuwa bidhaa ya kawaida.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi. Mimi husita ninapofikiria Kitulo, uwanda wa kusini mwa Tanzania unaoitwa Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005. Katika nyanda hizo za juu okidi huchimbwa kwa ajili ya viazi vyake, vinavyovushwa hadi Zambia na kupikwa chikanda pamoja na karanga zilizosagwa. Ukiondoka na kiazi, umeondoka na mmea.

Karne moja baada ya Knudson, okidi za kupamba meza huzaliwa maabara, ilhali za chikanda bado hutolewa porini. Ujuzi ulifuata fedha za wapenda maua. Anayechimba kiazi anatafuta riziki, na kumkataza tu hakumpi mbegu iliyoota. Maabara zilizoihangaikia okidi ya sebuleni zinaweza kuihangaikia na ya chunguni, mradi apatikane wa kulipia.