Ruzizi: kabla ya kuamini ramani



Kila mara kesi ya shamba ikitushinda, kuna mwenzetu anasimama na kusema: leteni ramani ya zamani ya wazungu, itamaliza maneno. Sisi tuliorudi kutoka Burundi na Tanzania tunamuelewa. Lakini tuangalie kwanza ramani ya bonde letu ilizaliwa namna gani.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Walitaka kujua jambo moja: Ruzizi inaingia Tanganyika, ao inatoka? Wana watatu wa chifu wa hapo waliwaambia wazi kwamba inaingia. Wageni hawakufika kwenye mdomo wa mto wakaone wenyewe. Mwaka 1864, akiwa kwao, Burton akatoa ramani inayoonyesha maji ya Tanganyika yakitoka kwenda kaskazini, mpaka Nile! Yaani mto upande mulima: Tanganyika iko mita 770 hivi juu ya bahari, Kivu karibu mita 1,460. Mtu yeyote wa Kamanyola, anayeona maji yanavyoteremka kwa nguvu toka makorongoni, angecheka. Ulaya iliamini tu baada ya Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika mdomoni kwa mtumbwi. Miaka 13, kwa neno lililokwisha kusemwa Uvira.

Haikuishia hapo. Mwaka 1885 mpaka wa Kongo huku kwetu ulichorwa kwa rula, mstari ulionyooka toka ncha ya kaskazini ya Tanganyika, ukikata milima ambayo wachoraji hawakuikanyaga. Ziwa Kivu lenyewe, Mzungu wa kwanza kulifikia ni Mjerumani von Götzen, mwaka 1894. Kisha wakagombana, na mwaka 1910 kule Brussels wakapatana mpaka ufuate Ruzizi.

Ramani za baadaye ni nzuri zaidi, sikatai. Zinaonyesha kilima, mto, njia. Miti ya mpaka ambayo babu yako alipanda pamoja na jirani yake, haimo.

Basi kwenye mkutano ramani tutaiweka mezani, ndiyo. Ila kila familia yenye kesi ije na mzee wa upande wake na mzee wa upande wa jirani, wataje vijito na alama kwa majina, sisi tutaandika. Wale ambao wazee wao wamebaki kambini, leteni namba zao za simu. Tutawapigia pande zote mbili zikiwa zimeketi, zinasikia.