Leseni Ukutani, Koleo Sufuriani: Tafakuri ya Kihistoria kutoka Mngeta

Likizo iliyopita nilimsindikiza mama yangu kung'oa jino Mngeta. Kliniki yenyewe ni chumba kimoja kilichopakwa rangi upya, na ukutani zimetundikwa leseni mbili ndani ya fremu za kioo. Tabibu, kijana mwenye adabu, alimwamkia mama, akamketisha, kisha akaopoa koleo kutoka kwenye sufuria iliyokuwa juu ya jiko la gesi. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hivi vifaa vinachemka kwa muda gani?" Akajibu bila kuficha, "Inategemea foleni, mwalimu."

Mama alipona salama, na sina ushahidi wa madhara yoyote. Hata hivyo, jibu lile liliniachia swali ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa: tangu dola ilipoanza kuidhibiti tiba binafsi nchini, hasa imekuwa ikikagua nini?

Tuanzie mwaka 1977. Miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, ilitungwa Sheria ya Kudhibiti Hospitali Binafsi, iliyopiga marufuku tiba ya kibiashara. Nje ya serikali, walioruhusiwa kutibu ni mashirika yaliyoidhinishwa, hususan ya dini. Bonde la Kilombero halikuwa maskini wa taasisi za namna hiyo. Ifakara palikuwa na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoasisiwa na wamisionari Wakatoliki, na tangu 1961 palikuwa na kituo cha kufundishia waganga wasaidizi wa vijijini kilichoanzishwa kwa msaada kutoka Basel. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Mngeta ikielekea Mlimba.

Kwa upande wa meno hali ilikuwa tofauti. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Maana yake ni kwamba mlango wa kliniki binafsi ulifungwa miaka miwili kabla nchi haijaanza kuwafundisha madaktari wake wa meno. Nia ya sheria, kwamba maradhi ya mnyonge yasigeuzwe mtaji, ninaiheshimu. Lakini marufuku haitulizi jino linalouma usiku.

Katika muongo wa 1980 ilienea nchini imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, ufizi wake ulichanwa na chipukizi za meno zikang'olewa, mara nyingi kwa mikono ya watu wasio na mafunzo wala vifaa safi. Sisemi kwamba sheria ya 1977 ndiyo iliyoizaa imani hiyo. Ninachosema ni kwamba kisu kile kilifanya kazi mahali ambapo hapakuwa na leseni ya kukagua, na kwa hiyo mkaguzi hakuwa na njia ya kukifikia.

Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua vituo vyao. Kuanzia hapo udhibiti ulikua kwa kuongezewa tabaka. Bima ya Afya iliyoundwa kwa sheria ya 1999 ilikuja na masharti yake kwa vituo inavyovisajili. Sheria ya Nguvu za Atomu ya 2003 inamtaka mwenye mashine ya eksirei, hata ile ndogo ya jino, awe na kibali. Sheria ya 2017 ikapanga upya usajili wa madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Kila tabaka lina sababu nzuri. Ila kwa mwenye chumba kimoja, yote hufika kama karatasi na ada, naye hujifunza haraka kwamba kinachopaswa kuwa tayari mgeni anapoingia ni faili.

Faili halitakasi koleo. Maji yanayochemka huua vijidudu vingi, lakini mbegu za baadhi ya bakteria huvumilia. Utakasaji kamili huhitaji mvuke wenye mgandamizo, kwa kawaida nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 15, na daftari la kuandika kila mzunguko. Hiyo ni kazi ya usimamizi, inayofanyika siku zote ambazo mkaguzi hayupo.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kufunga vichumba hivi vyote. Mwaka 1977 tulikwisha kuijaribu dawa hiyo. Akifungiwa tabibu wa Mngeta, mama atapanda gari kwenda Ifakara akiwa na nauli na barabara ikipitika masika. Akikosa, atamwendea yeyote mwenye koleo.

Historia yetu ina mifano bora zaidi. Maduka ya Dawa Muhimu yalianza Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaingia Morogoro, Kilombero ikiwamo. Muuzaji wa lile lililoitwa duka la dawa baridi alifundishwa kwanza, akaidhinishwa, kisha akakaguliwa. Vilevile, tathmini ya nyota kwa vituo vya ngazi ya msingi iliyoanza 2015 ilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya vituo havikustahili hata nyota moja. Vilipewa mipango ya kujirekebisha, na tathmini iliporudiwa 2017/18 kundi hilo lilikuwa limepungua sana. Mkaguzi alirudi, na alirudi kuuliza kuhusu mapungufu yale yale aliyoyaandika.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza kijana yule ni lini mara ya mwisho aliulizwa kuhusu sufuria yake. Alifikiri kidogo. "Leseni huwa wanaziomba," alisema. "Hilo la sufuria, mwalimu, wewe ndiye wa kwanza."