Dondoo za mimea za kutuliza ngozi

Dondoo za mimea za kutuliza ngozi ni viini vinavyokamuliwa au kuchujwa kutoka kwenye majani, mbegu na maua, kisha kutiwa katika krimu na losheni. Makala hii inahusu matumizi yake kwa ngozi iliyowashwa na dawa za kupunguza makunyanzi, hasa tretinoini na jamaa zake wa ukoo wa vitamini A.

Tretinoini iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kutibu chunusi. Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye jina lake lina doa la majaribio aliyowafanyia wafungwa wa gereza la Holmesburg, aliiendeleza, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakaeleza jinsi inavyotengeneza ngozi iliyozeeshwa na jua. Dawa hii huhimiza seli mpya kupanda juu upesi. Tabaka la nje hupungua unene, maji huponyoka, na kwa wiki za mwanzo uso hukauka, hutoa magamba na kuchonyota hata ukinawa maji matupu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana. Kinachobaki ni madoa meusi ambayo huweza kukaa miezi.

Mmea wenye ushahidi mzuri zaidi hauna mvuto wowote wa dukani: oti, nafaka ileile ya uji. Ikisagwa laini sana na kuchanganywa na maji, wanga na nyuzi zake hufunika ngozi na kushika unyevu, huku viini viitwavyo avenanthramidi vikipunguza mwasho. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiingiza katika orodha ya vikinga ngozi.

Mshubiri unajulikana zaidi Afrika Mashariki, lakini hutumiwa vibaya mara nyingi. Jani lake lina vitu viwili. Katikati mna ute mwangavu, ambao ni maji karibu wote na hupoza. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano wenye aloini, ndio uchungu uliozaa msemo "chungu kama shubiri" na ambao akina mama hupaka chuchu wanapomwachisha mtoto ziwa. Utomvu huo huwasha. Anayekata jani na kulisugua moja kwa moja kwenye uso uliochubuka anapaka vyote viwili. Jani hupaswa kusimamishwa kwanza lichuruzike, kisha ute uoshwe.

Sentela (Centella asiatica), mmea mdogo unaotambaa penye majimaji, huchumwa kwa wingi Madagaska. Asiatikosidi na madekasosidi zilizomo zimetumika muda mrefu katika malhamu za vidonda, na viwanda vya vipodozi vya Korea Kusini vimeupa umaarufu mpya. Kamomili nayo hutuliza kwa kiini cha bisabololi, ila mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti anaweza kuvimba zaidi. Mafuta ya kunukia, kama ya ndimu na mnanaa, hayafai hapa kabisa, hata chupa ikiandikwa "asilia".

Hakuna dondoo inayofidia kipimo kilichozidi. Madaktari huanza kwa kupunguza dawa: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mmoja ukirukwa, mafuta mazito yasiyo na manukato yakitangulia, na kinga ya jua mchana. Dondoo huja baada ya hayo, na hujaribiwa kwanza kwenye mkono kwa siku kadhaa.

Wengine huacha vitamini A kabisa na kutumia bakuchioli, inayotoka kwenye mbegu za mmea wa Kihindi, Psoralea corylifolia. Katika utafiti wa watu 44 kwa wiki 12, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la British Journal of Dermatology, bakuchioli ilipunguza makunyanzi sawa na retinoli, mmoja wa jamaa hao wa vitamini A, huku watumiaji wa retinoli wakilalamikia zaidi magamba na mchonyoto. Lakini mbegu zenyewe zina psoraleni, ambayo huifanya ngozi iungue upesi juani. Unga wake mbichi haupaswi kupakwa usoni. Kinachotumika ni bakuchioli iliyosafishwa.