Ukiokoa Mzigo Unalipwa. Ukiokoa Roho Je?

Wadau, leo siongelei mziki wala siasa. Naongelea petroli. Petroli ya mvuvi anayegeuza boti yake katikati ya kazi kwenda kuokoa watu asiowajua, na swali ambalo hakuna anayelipenda: nani anamrudishia?

Hapa Langoni hili si jambo la vitabuni. Ukitaka kwenda Mokowe, uwanja wa ndege Manda, Faza, Kizingitini, ni boti. Mgonjwa ni boti, bibi arusi ni boti, simiti ni boti. Kusi ikivuma kila nyumba ina mtu wake baharini. Na chombo kikipata tabu, anayefika wa kwanza huwa ni yule aliye karibu, na haulizi we ni wa mtaa gani. Wazee watakwambia ni wajibu, basi. Mjadala umefungwa.

Nikataka kujua sheria nayo inasemaje. (Chuo niliacha mwaka wa pili na wala sikuwa nasomea sheria, lakini kusoma hakujakatazwa.)

Tarehe 23 Septemba 1910, mjini Brussels, mataifa yalitia saini mkataba kuhusu kusaidiana baharini. Kifungu cha 11 kinamlazimu nahodha amsaidie kila mtu anayemkuta baharini yuko hatarini kupotea, hata kama ni adui, mradi asitie chombo chake na watu wake kwenye hatari kubwa. Hata adui! Hebu soma tena. Miaka miwili haijatimia, Aprili 1912, Titanic ikazama. Meli ya Californian ilikuwa karibu, mtu wake wa redio kalala, roketi za Titanic zikaonekana na hakuna aliyemwamsha. Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ndiyo iliyokimbia usiku ule ikaokoa watu zaidi ya 700. Wajibu ule ukaendelea kuandikwa kwenye mikataba mipya hadi ule wa Umoja wa Mataifa wa 1982 kuhusu sheria ya bahari, kifungu cha 98. Kenya iliuridhia 1989. Kwa hiyo wanachosema wazee pale jeti, dunia nzima imekitilia saini.

Sasa kuna kifungu kingine ambacho watu hawakitaji. Mkataba uleule wa 1910, kifungu cha 9, unasema mtu aliyeokolewa roho yake hadaiwi malipo. Ukiokoa meli au shehena, una haki ya tuzo. Ukiokoa watu, utapata fungu ikiwa tu kuna wengine waliookoa mali kwenye ajali hiyohiyo. Ukiokoa roho peke yake, na meli ikazama na kila kitu, mkataba haukupi kitu. Mkataba wa uokoaji wa 1989 umeufuata msimamo huo.

Kumdai aliyeokoka ni aibu, hilo nakubali kabisa. Mtu katoka kuzama, kapoteza mtoto, halafu umpe bili? Hapana. Lakini walioandika haya walikuwa wakifikiria meli kubwa, yenye kampuni na bima nyuma yake. Kwao gharama ya kugeuza njia inamezwa na ofisi fulani huko. Hawakuwa wakimfikiria mtu mwenye boti ya faiba na mashine moja, aliyekopa pesa ya petroli asubuhi ile.

Na huku kwetu ni huyo ndiye anayeokoa. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza kupita uwezo wake. Maiti 203 zilipatikana, na wasiopatikana ni wengi zaidi. Watu walielea wakishikilia magodoro yaliyokuwa kwenye shehena. Wavuvi wa Nungwi na boti za wapiga mbizi walikuwa kati ya waliowatoa majini. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, Ukara: kivuko cha watu 101, waliokufa zaidi ya 220. Wavuvi na wenyeji tena. Giza lilipoingia uokoaji ukasitishwa hadi asubuhi, na siku mbili baada ya ajali fundi wa mashine akatolewa humo ndani akiwa hai. Mimi hilo la usiku bado linanikaa rohoni.

Halafu Bukoba, 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43. Wavuvi walifika na mitumbwi kabla ya vyombo vya serikali. Jackson Majaliwa, kijana mvuvi, alieleza alivyofungua mlango kwa kasia, kisha akaumia na kuzirai akijaribu kuwafikia marubani. Watu 24 walitoka hai. Majaliwa alipewa shilingi milioni 1 na kazi kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Safi sana, na alistahili. Ila ile mitumbwi mingine yote?

Nia njema peke yake nayo haitoshi. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, 21 Mei 1996, ilibaki inaelea juu chini na watu wakiwa hai ndani. Waokoaji wakatoboa bodi, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Kwa hiyo pamoja na petroli, mvuvi anahitaji mafunzo, redio, na jaketi za ziada.

Turudi Lamu. Mwaka 2011, baada ya utekaji wa wageni Kiwayu na Manda, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku hapa kwa sababu za usalama, ukabaki hivyo miaka. Watu walilalamikia samaki na njaa, na walikuwa na haki. Sikusikia wengi wakisema kwamba ukiwatoa wavuvi baharini usiku umeondoa na waokoaji.

Tangu 2018 tuna walinzi wa pwani, Coast Guard, na sipingi. Lakini bahari ni kubwa na boti zao zinahesabika. Ninachotaka ni kidogo: boti iliyoenda kuokoa irudishiwe petroli yake siku hiyohiyo, kupitia BMU, bila barua wala hotuba. Hesabu inaanzia nyumbani. Kama baba, ami au mjomba wako ana boti, muulize mara ya mwisho alipogeuza kwa ajili ya mtu ziliisha lita ngapi. Nitumieni hizo lita, jina si lazima. Nikizipata za kutosha nitazijumlisha, nizipeleke kaunti zikiwa kwenye karatasi moja.